Betri Nne Upande wa Kulia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, fundi umeme wa gatini alipiga magoti ndani ya mashua, akafunua ubao wa benchi la kulia na kuanza kusugua ukoga wa kijani ulioota kwenye vichwa vya betri. Alitumia mswaki mkuukuu na maji ya magadi. Betri za kuendeshea mota zilikuwa nne, kila moja kilo ishirini na nane, zimepangwa ndani ya sanduku la mbao, juu ya sakafu, ubavuni kabisa. Alipokuwa akisugua ya tatu, mke wake alishuka kwa ngazi ya abiria, akaketi benchi la kushoto, siti ya nyuma, na mashua ikakaa sawa. Mke huyo alikuwa amefariki miezi saba iliyopita.

"Umeamkaje?" fundi aliuliza.

"Salama. Umekunywa chai?"

"Bado."

"Hivyo vidonda vya tumbo vitakuja kukuua wewe," mke alisema. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye gauni lake, yakifuata njia ya kila siku hadi kwenye tundu la sakafuni.

Mwanzoni kabisa, mashua ikiwa bado inanuka gundi, fundi alisema kwamba betri ni mzigo kama mzigo mwingine, na mahali pake ni chini na katikati. Mwenye mashua, ambaye gati zima lilimwita Tajiri, alimsikiliza mpaka mwisho maana alikuwa mstaarabu. Kisha akauliza ni abiria wangapi wangekaa hapo katikati.

"Wanne," fundi alisema.

"Basi tuziweke chini ya benchi. Chini ya benchi kuna nini, fundi? Si kuna hewa tu?"

Fundi alijikuna kichwa. Neno "hapana" lilikuwepo, mdomoni palepale, ila halikutoka. Mambo mengi ya dunia hii huharibika namna hiyo: mmoja anajikuna kichwa, mwenzake anahesabu kwamba wamekubaliana.

Walipima usawa siku ya majaribio. Pimamaji iliwekwa juu ya ubao wa katikati, kipovu kikatulia mahali pake, watu wakapeana mikono. Hakuna aliyemtazama nahodha, jina lake la gatini Bonge, ambaye wakati huo alikuwa ameketi kushoto kwenye usukani na kilo zake mia na ushee, akila mkate. Kwa muda wa wiki sita Bonge ndiye aliyekuwa usawa wa mashua ile, na yeye mwenyewe hakujua.

Wiki ya saba Bonge aliumwa jino. Akaja nahodha mwingine, mtu mwembamba, fito tupu. Katikati ya maji kilipita kiwimbi kisicho na lolote, mashua ikalalia ubavu wa kulia, ikaendelea kulala. Watu kumi na mmoja waliokolewa. Mke wa fundi, aliyekuwa anakwenda ng'ambo kununua vitambaa, alikuwa wa kumi na mbili. Jirani aliyeketi naye alisimulia baadaye kwamba dakika ile alikuwa anajigamba, anasema mashua hii usiiogope, nyaya zote amezifunga mume wangu.

Fundi alilia mpaka sauti ikamkauka. Mashua ilivutwa, ikaoshwa, ikapakwa rangi ya samawati. Betri mpya zilipoletwa alisema, safari hii kwa sauti ya juu, kwamba ziwekwe katikati. Tajiri alimshika bega, akampa pole ya dhati kabisa, akamwonyesha kwamba sanduku la chini ya benchi lilikuwa bado zima. Bonge hakurudi kazini. Alisema jino halijapoa.

Asubuhi ya safari ya kwanza, marehemu akaja.

Mkaguzi alifika wiki ya tatu. Alimpandisha marehemu kwenye mzani wa magunia, ukasoma kilo mia na kumi na mbili. Akiwa hai alikuwa na sitini na moja. Zilizobaki ni maji. Mkaguzi alizidisha ishirini na nane mara nne pembeni ya karatasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Anakuja kila siku?"

"Kila siku," Tajiri alijibu.

"Hata Jumapili?"

"Hajawahi kukosa."

Mkaguzi alimgeukia marehemu. "Samahani dada, una maradhi yoyote yanayoweza kukuzuia kuja kazini?"

"Nimeshakufa," alisema.

Mkaguzi akaweka alama ya vema. Fomu haikuwa na sehemu ya wafu, basi akamwandika kwenye vifaa vya usalama, kati ya maboya na kizima moto. Mashua ikapata cheti.

Abiria walimzoea. Wa siti ya jirani walikuja na kipande cha nailoni cha kukalia. Wengine walimsalimia, wengine walimwekea vikapu vyao miguuni, kwa kuwa yeye hashuki.

Mchana mmoja, abiria wamekwenda kula, marehemu alimwita mumewe akae karibu.

"Mume wangu, nimechoka."

Fundi aliketi kando yake, suruali ikaloa.

"Juzi nilijaribu kuinuka. Kidogo tu, kunyoosha mgongo. Ikaanza kulala, na yule mama wa mapacha alikuwa kulia. Nikarudi kukaa." Alikamua pindo la gauni, na pindo likajaa maji tena. "Zihamishe. Siku ukiziweka chini, katikati, mimi nakwenda zangu kulala."

"Nitazihamisha," fundi alisema, na alikuwa anasema kweli.

Alikwenda ofisini kwa Tajiri siku hiyohiyo, amepiga moyo konde, spana mkononi.

"Kwani mashua inayumba?" Tajiri aliuliza.

"Haiyumbi."

"Imewahi kukaa sawa kama sasa?"

Ilimbidi fundi akiri kwamba haijawahi.

"Sasa mbona unatengeneza kitu kizima, ndugu yangu? Mkeo anatusaidia sana. Mimi namheshimu kuliko hata wafanyakazi wanaokula mshahara. Hebu njoo nikuonyeshe kitu." Akamwongoza nyuma ya ofisi. Palikuwa na mashua ya pili, mpya, umbo lilelile, na chini ya benchi la kulia sanduku la mbao lilikuwa limeshapigwa misumari. Betri nne zilikuwa kando, bado zina karatasi za dukani.

Fundi alijikuna kichwa. Alijiona anajikuna, akajichukia, akaendelea kujikuna.

Mashua ya pili iliingizwa majini Jumatatu asubuhi, imefungwa bega kwa bega na ile ya kwanza. Fundi alizipanga betri kwenye sanduku, na kwa kila moja mashua ilizidi kuinama kulia, hadi ilipofika ya nne maji yakawa yanalamba ukingo.

"Inalala," fundi alisema.

"Naona," Tajiri alisema kwa upole. Alishika kopo la rangi nyeupe. Yeye, ambaye hakuweza kutoa siti nne, alikuwa ametoa moja: siti ya nyuma, benchi la kushoto, ambapo alikwisha kuandika IMEHIFADHIWA kwa herufi nzuri za mkono. "Wa kukaa hapa atapatikana tu, fundi. Wewe kaza."

Fundi akakaza. Kutoka mashua ya jirani mke wake alikuwa anamtazama, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka.

"Zimekaza?" aliuliza.

"Zimekaza."

Juu ya gati, foleni ya safari ya kwanza ya mashua mpya ilikuwa imeanza kujipanga: mwalimu na madaftari yake, mwanamke mwenye cherehani, wazee wawili wanaobishana, msichana anayekula karanga. Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akawatazama mmoja mmoja, akajikuta anawakisia kilo.