Sifuri Haimo Kwenye Wimbo

Mimi ni mtu wa utani, na darasa langu la nne linanijua hivyo. Lakini asubuhi ya ukaguzi utani ulinikimbia wote, ukaniachia chaki iliyovunjika mkononi kabla sijaandika hata tarehe.

Nilikuwa mwalimu wa muda katika shule yetu ya milimani, mkoani Guizhou, China. Kabla ya hapo nilipaka gundi soli za viatu kiwandani huko pwani, na harufu ile ilikuwa ikinifuata hadi kwenye bakuli la tambi. Mkuu wetu, mzee Zhuo, alishaniambia wazi: somo hili likiharibika mbele ya wageni, nikafungashe virago.

Jana yake aliniita pembeni.

"Sikiliza, Ran mdogo. Anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Wageni wataona msitu wa mikono, wewe unachagua ya kulia tu."

"Na wakigundua, Mkuu?"

"Wagundue vipi? Mimi mwenyewe nimekaguliwa hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

Basi tukafanya mazoezi ya treni mpaka sauti zikakauka. Treni ni hivi: safu nzima inasimama, kila mtoto ni behewa, kila behewa linafanya hatua moja ya hesabu. Mmoja akikosea, treni imepinduka.

Wageni wakaingia, wakaketi nyuma kwenye viti vya watoto, magoti yakiwagusa videvu. Siku nyingine ningecheka. Katikati yao alikuwa Mkaguzi Xiang, mama mwembamba mwenye chupa ya chai ambayo hakuinywa. Aliishikilia tu, akinitazama.

"Ishirini na nne mara thelathini na sita," nikasema. Sauti ilitoka kama ya panya. "Treni!"

Treni ikaondoka. "Nne sita ishirini na nne, weka nne beba mbili!" "Mbili sita kumi na mbili, na mbili, kumi na nne!" Ikapita kwa kasi mpaka mia nane sitini na nne. Mkuu Zhuo akatabasamu. Nami nikakaribia kupumua.

Mkaguzi Xiang akainuka. Akaja mbele polepole, akachukua chaki, akaandika: 407 × 58.

"Treni hiyohiyo," akasema. "Nani ataanza?"

Mikono ikapanda yote kwa pamoja, kwa nidhamu ya kutisha. Yote ya kushoto.

Niliinusa gundi, naapa, mle darasani.

"Mbona wote mkono wa kushoto?" akauliza.

Mungu akasema Dapeng ndiye ajibu. Mtoto huyu hajawahi kuficha kitu, hata mafua. "Kwa sababu hatujui, shangazi! Anayejua ananyoosha wa kulia. Mwalimu Ran katuambia."

Mkuu Zhuo akaanza kuchunguza dari kana kwamba inavuja.

Mkaguzi akaniwekea chaki kiganjani. "Basi hawajui. Wafundishe. Muda bado upo." Akarudi kwenye kiti chake.

Nikawageukia watoto. Na wao walikuwa wameogopa, maana waliniona mimi.

"Haya," nikasema. "Tunaanza na nane, inapanda juu. Dapeng, wewe uliyetuuza, ndiye kichwa cha treni."

Darasa likacheka kidogo. Dapeng akasimama. "Saba nane hamsini na sita. Weka sita, beba tano!"

Behewa la pili lilikuwa Qiaoyun, msichana anayeghani jedwali la kuzidisha hata akichota maji. Akatazama sifuri. Midomo ikaanza kucheza bila sauti. Nilijua anachofanya: anatafuta ubeti. Wimbo wetu wa kuzidisha unaanzia moja moja moja na kuishia tisa tisa themanini na moja. Sifuri haina ubeti. Akautafuta, hakuuona, akairuka.

"Nne nane thelathini na mbili, na tano, thelathini na saba!"

Treni imepinduka. Nyuma kule kiti kimoja kikalia. Qiaoyun aliusoma uso wangu, machozi yakamjaa.

"Usikae," nikamwambia. Ulimi, asante, ulikuwa umerudi. "Qiaoyun, ukikuta behewa halina abiria, unalichomoa kwenye treni?"

"Hapana."

"Linabaki mahali pake?"

"Linabaki."

"Na Dapeng amekubebesha nini?"

"Tano."

"Sasa utaipakia wapi?"

Akaufuta uso kwa mkono wa sweta.

"Sifuri mara nane ni sifuri," akasema polepole. "Na tano... tano! Weka tano, hakuna cha kubeba!"

"Nne nane thelathini na mbili!" akadakia wa tatu kabla sijamwita. Elfu tatu mia mbili hamsini na sita. Safu ya pili ikachukua ile tano ya hamsini na nane, ikasogea nafasi moja kushoto. Walipogota kwenye ishirini na tatu elfu mia sita na sita, darasa lilikuwa linapiga madawati.

Mlangoni Mkaguzi alinisimamisha. "Ule mchezo wa mikono, ni wako au wa mtu mwingine?"

Mkuu Zhuo alikuwa amesimama nyuma yake, mweupe kama tofu. Nikimtaja Mkuu, ataniondoa yeye. Nisipomtaja, ataniondoa Mkaguzi.

"Niliwafundisha mimi," nikasema. Na huo ulikuwa ukweli.

Mkaguzi alimgeukia mkuu, akamtazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. "Huyu abaki. Mikono ile isibaki. Nitarudi kuangalia, na sitasema siku."

Kwa hiyo nimebaki. Lakini gari lolote likinguruma kwenye kona ya chini, nakatiza hesabu na kutazama mlango. Na watoto, wakatili hawa, wanaangua kicheko:

"Mwalimu, endelea bwana! Ni lori la makaa tu!"