Fundichuma wa Nyuma ya Zizi

Kabla kila mtu hajawa na kamera kwenye simu yake, Josia alikuwa mtu wa kutafutwa mjini Bariadi. Alikuwa na studio ndogo karibu na stendi, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyejua yako wapi, na hapakuwa na harusi wala kipaimara ambako hukumkuta amepiga goti moja chini, jicho moja amelifumba. Baadaye watu wakawa wanajipiga wenyewe. Josia hakugombana na mtu. Alifunga studio, akarudi Kasoli kwenye mji wa marehemu baba yake, akalima pamba na dengu kama wenzake. Katika vitu vyote vya studio alibaki na kamera moja na lenzi yake ndefu.

Mkewe, Dorkasi, alidhani kamera hiyo itauzwa. Badala yake ikaanza kupiga ndege.

Ilianza na binti yao, Goodness, alipokuwa bado shule ya msingi. Alimuuliza baba yake kwa nini shashi wanapanda mgongoni mwa ng'ombe na ng'ombe hawawafukuzi. Josia alichukua kamera akampiga shashi mmoja. Walipoikuza ile picha waliona mdomo mwekundu umebana kupe aliyevimba damu, na ng'ombe amelegeza masikio kama mtu anayesukwa nywele. Tangu hapo, kila Jumapili wakitoka kanisani, baba na binti walikaa nyuma ya nyumba wakisubiri nani atatua. Walipata tetere, walipata kwenzi wenye mgongo wa buluu inayometa, walipata chozi akining'inia kichwa chini kwenye ua la mshubiri. Dorkasi akiwa jikoni aliwasikia wakibishana kwa kunong'ona. Yeye aliona ni mchezo, lakini mchezo usiomdhuru mtu, na mume aliyekaa nyuma ya nyumba yake ni bora kuliko aliyekaa kilabuni.

Kisha walikuja fundichuma.

Walikuwa ndege wawili, wa rangi ya udongo, wenye kishungi nyuma ya kichwa kinachofanya kichwa chote kionekane kama nyundo. Walianza kujenga kwenye mkuyu ulio nyuma ya zizi, karibu na lambo la kunyweshea ng'ombe. Kutwa nzima walibeba vijiti, matope na vitambaa vilivyotupwa, hadi kwenye panda la mkuyu pakawa na nyumba ambayo mtoto angeweza kuingia akalala. Josia alisema katika maisha yake hajawahi kuona mafundi wa namna ile. Alikwenda kila asubuhi kabla ya kwenda shamba.

Mama yake, Nyanjige, aliyekuwa akiishi nao, hakufurahi. Alikuwa bibi mpole asiyependa maneno mengi, anayesali na kanisa lakini ambaye mambo aliyofundishwa na wazazi wake hakuyatupa. Alimwambia mwanawe kuwa ndege huyo haguswi, kiota chake hakisogelewi, na mtu hamkodolei macho akiwa anajenga, maana humletea mtu mkosi. Josia alimjibu kwa heshima kwamba hamgusi, anampiga picha tu kwa mbali. Siku ile Josia alipata picha aliyoipenda kuliko zote alizowahi kupiga: fundichuma anatua, mabawa yamefunguka mwanga ukipenya kati ya manyoya, na mdomoni ameshika kijiti kirefu kuliko mwili wake.

Mwaka uliofuata Josia alianza kukosea. Goodness alimwonyesha mwewe upande wa kushoto, yeye akatafuta hadi mwewe akaondoka. Alimkanyaga kifaranga wa kuku mlangoni. Alijigonga kwenye nguzo ya zizi aliyoichimbia mwenyewe. Alisafisha lenzi mara nyingi, akasema imeingia vumbi. Kumbe tatizo halikuwa kwenye lenzi. Hospitali ya Bariadi walimwandikia kwenda Mwanza, na huko daktari aliwaeleza taratibu kuwa ni presha ya macho, kwamba ugonjwa huo huanza kula pembeni ukienda katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone yangesaidia kulinda kilichobaki, kwa muda ambao yeye hakuweza kuuahidi. Kwenye basi la kurudi Josia alimwambia mkewe kitu kimoja tu: kwamba kwa miaka yote ile amezoea kuitazama dunia kupitia tundu la kamera, ndiyo maana tundu lilipozidi kuwa dogo hakushtuka.

Nyumbani, Nyanjige alisikiliza habari zote hadi mwisho, kisha akainuka akaenda kukaa nje peke yake. Jioni aliwaita. Hakufoka wala hakumlaumu mtu. Alisema kiota hakiwezi kubomolewa, maana anayekibomoa naye atapata lake, lakini picha zilizomo kwenye kamera zinaweza kuondolewa. Aliomba ziondolewe.

"Mimi sijui daktari anajua nini," alisema. "Najua nina mtoto mmoja wa kiume na macho yake yanakwenda. Mnifanyie hilo tu."

Goodness, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili na yuko likizo, alianza kueleza kwamba ugonjwa ule una sababu zake na hauhusiani na ndege. Baba yake alimzuia kwa mkono. Akamgeukia Dorkasi, akamwambia afute.

Dorkasi alishika kamera. Hakuwa ameizoea, ikabidi Goodness amwonyeshe kitufe, na mtoto alimwonyesha huku machozi yanamtoka. Picha zilipita moja moja kwenye kioo: kiota kikiwa nusu, kiota kikiwa na paa, ndege wawili wamesimama juu yake. Alipofika kwenye ile ya ndege anatua na kijiti, kidole chake kilisita. Kwa mara ya kwanza aliiona vizuri. Alitaka kusema hii tuiache, lakini mama mkwe alikuwa amemkazia macho, na ndani ya moyo wake, pamoja na yote aliyosema daktari, kulikuwa na sauti ndogo inayosema: na kama ni kweli? Akabonyeza.

Macho hayakupona. Pamba ilivunwa, ikapimwa, ikapelekwa. Goodness alirudi bweni. Josia aliendelea kuweka matone asubuhi na jioni bila kukosa, lakini kufikia mwisho wa kiangazi alikuwa haoni uso wa mtu ila ukielekezwa kwenye mwanga wa dirisha, na hata hapo aliona kipande tu. Kamera ilining'inia kwenye msumari chumbani. Jumapili baada ya kanisa aliingia ndani, akakaa kwenye kiti, akawasha redio. Nyanjige hakuzungumzia tena picha. Alizidi kukonda, na chakula alikigusagusa tu.

Dorkasi alikuja kugundua kwamba kinachomsumbua Jumapili ni ukimya. Nyuma ya nyumba hapakuwa tena na kunong'ona. Ndege walikuwepo vilevile, wakipiga kelele zao, lakini hapakuwa na mtu wa kuwasikiliza. Jumapili moja alivua kanga ya jikoni, akaichukua kamera kwenye msumari, akatoka. Alipiga cha kwanza kilichotua, akarudi ndani akiona haya kama msichana.

"Nimepiga ndege," alimwambia mumewe.

"Ndege gani?"

"Mdogo."

Josia alizima redio. Alianza kucheka, kicheko kilichotokea tumboni, ambacho hakikuwa kimesikika nyumba ile kwa muda mrefu. Alimuuliza mdogo kama nani, ana rangi gani kifuani, mdomo wake mnene au mwembamba, alikuwa anatembea au anaruka-ruka. Dorkasi hakujua hata moja. Alitazama kioo cha kamera, akakuta amepiga tawi lenye ukungu na mkia unaokwenda zake.

Ikabidi arudi nje kutazama.

Hivyo ndivyo alivyoanza kujifunza, mwanamke aliyekaa mji ule tangu studio ilipofungwa na ambaye angeapa kwamba anaujua wote. Hakujua kwamba ndege wanaolala kwenye mgunga ulio mbele ya mlango wake ni wa aina tatu. Hakujua kwamba tetere dume huinamisha kichwa na kuvimbisha shingo kama mtu anayeomba msamaha. Alikuwa akitazama, akipiga, kisha anaingia na kumsimulia mumewe. Mwanzoni alisimulia kama anayesoma tangazo. Lakini Josia hakuridhika na jina na rangi. Alitaka kujua mwanga unatoka wapi, tawi ni kavu au bichi, na nje ya picha, pembeni, kulikuwa na nini. Dorkasi akagundua kuwa huwezi kumweleza mtu kitu ambacho wewe mwenyewe ulikitazama nusunusu. Maneno yalimgomea. Mara nyingine alichanganya Kiswahili na Kisukuma, mara nyingine alinyoosha mikono hewani kuonyesha bawa, akakumbuka kwamba haoni, akaushika mkono wa Josia na kuuchora ule mkao kwenye kiganja chake.

Naye Josia akaanza kutoka nje tena. Alikaa kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha, akimwambia mkewe sauti inatoka upande gani. Kuna siku walikosana kabisa, Dorkasi akishikilia kuwa aliyemwona ni kwenzi na Josia akishikilia kuwa sauti ile si ya kwenzi, wakanuniana hadi chakula cha mchana. Nyanjige aliwasikia. Kila walipokaa nyuma ya nyumba, naye alipata kazi ya kufanya karibu na hapo, kupepeta au kuchambua dengu ambazo zilikwisha kuchambuliwa.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo mkali. Tawi la mkuyu lilipasuka, na kile kiota kikubwa kikaanguka chini kikasambaa, vijiti na vitambaa na mifupa ya samaki. Hakuna aliyekigusa. Dorkasi alimweleza mumewe, na Josia akauliza kama makinda yalikuwamo. Hayakuwamo. Basi wakadhani hadithi ya fundichuma imeishia hapo.

Asubuhi moja, Dorkasi akiwa anakamua, alimwona mama mkwe anapita kando ya zizi, anatembea polepole na fimbo yake. Nyanjige alisimama akitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akaenda moja kwa moja hadi alipokaa mwanawe akinywa chai, akavuta mkeka, akaketi.

"Mwangaluka, mayu," Josia alimwamkia mama yake kwa Kisukuma.

Nyanjige aliitikia, akalaza fimbo yake kando ya mkeka. Dorkasi aliacha kukamua ili asikie.

"Zile picha," alisema bibi, "zinaweza kurudi?"

"Haziwezi, mayu."

"Hata kwa fundi?"

"Hata kwa fundi. Ni muda mrefu."

Nyanjige alikunja upindo wa kanga yake, akaukunjua. Halafu, kwa sauti ya chini, alianza kumwambia mwanawe kwamba wale ndege wamerudi na wanajenga tena kwenye panda la upande wa lambo. Alimwambia kuwa mmoja ni mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Yule mkubwa huleta vijiti na yule mdogo huvipokea, huvigeuza, na asiporidhika huvitupa chini, na mwenzake huvifuata tena bila kugomba. Alisema wametandaza vijiti kama mtu anayetandika kitanda cha kamba. Alisema mmoja ameokota utepe mwekundu, na hajui ameutoa wapi. Alisimulia vizuri kuliko Dorkasi alivyowahi kusimulia, na ilionekana wazi kwamba hakumtazama ndege yule asubuhi ile tu. Alikuwa amemtazama siku nyingi.

Josia alikuwa amegeuza uso wote kumwelekea mama yake. Alimuuliza taratibu kama haogopi tena.

"Naogopa hata sasa," Nyanjige alisema. "Sikusema siamini. Nimekuambia kwamba wanajenga, kwa sababu wewe huoni na ungependa kujua."

Hapo Josia alitafuta mkono wa mama yake juu ya mkeka, akaupata, akaushika. Dorkasi aliinamia tena chombo cha maziwa ili wasimwone anavyolia.

Baadaye alichukua kamera. Alimuuliza mama mkwe waziwazi kama anaweza kupiga, maana hakutaka tena kufanya jambo huku moyo umegawanyika. Nyanjige alifikiri. Alisema yeye hatakuwapo, atakwenda kwa jirani, na wao wafanye wanavyoona. Akachukua fimbo yake akaenda kweli.

Picha aliyoipata Dorkasi haikufanana na ile iliyofutwa. Ndege alikuwa amempa mgongo, na tawi lilikatiza katikati. Alimweleza Josia hivyohivyo bila kuipamba. Josia alisikiliza, akamwambia arudi kesho mapema zaidi, jua likiwa bado chini, akae upande wa lambo. Kesho yake alikwenda. Goodness aliporudi likizo ya Desemba alikuta picha nyingi kwenye kamera, nyingine zina ukungu, nyingine nzuri, na akakaa na bibi yake mlangoni akimwonyesha za tetere na chozi. Zilipofika za fundichuma, bibi aligeuza uso pembeni. Lakini alimwambia mjukuu wake asizime, aendelee kumweleza zinaonyesha nini.