Ngozi Aliyoiacha Emil

Darasa zima lilipewa kazi ya kushona mkoba wa ngozi, kama ile mikoba waliyoning'iniza kiunoni walowezi wa kwanza wa Nebraska. Wenzake walinunua vipande dukani. Ludmila Hruska alileta ngozi ya kulungu aliyoitoa darini kwao.

Kulungu huyo alipigwa risasi na Emil, kaka yake Ludmila, naye mwenyewe ndiye aliyeidabaghi ngozi hadi ikalainika, msimu wa mwisho wa uwindaji kabla trekta halijampindukia na kumuua. Ludmila aliwaza: ngozi imekaa gizani miaka miwili, hakuna anayeigusa. Ikigeuzwa mkoba, Baba atatembea nayo kila aendako. Hakumwambia mtu.

Kwa wiki tatu alitoboa matundu kwa msharasi, akapitisha kamba nyembamba za ngozi, akachana matamvua.

"Hayo ni matamvua au ndevu za mbuzi?" Dwight, aliyekaa naye meza moja, alimtania.

"Afadhali mbuzi. Wako una kipara."

Siku ya maonyesho baba yake, Anton, alifika na kofia mkononi. Akauchukua mkoba, akaugeuza, kidole gumba kikatua kwenye kovu la pale kisu cha Emil kilipoteleza.

"Umeitoa wapi hii?"

"Darini. Ni wako, Baba. Nimekushonea."

"Ulimuuliza nani?"

Ludmila akatikisa kichwa.

"Mimi huwa napanda kule," Anton alisema kwa sauti ya chini. "Jumapili, mkienda kanisani wewe na mama yako. Naitandaza sakafuni, nalala juu yake."

"Sikujua, Baba."

"Ungejuaje? Sikusema. Vipande vilivyobaki viko wapi?"

Vilikuwa vimetupwa pamoja na taka za darasa. Mwalimu Kessler akawapeleka nyuma ya shule, lakini gari la taka lilikuwa limepita asubuhi. Anton aliliona pipa ni tupu, na bado akainama, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

Wakati wa kurudi aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeukumbatia mkoba mapajani.

"Umeshona vizuri," alisema walipokaribia nyumbani, na Ludmila, aliyekuwa amejikaza njia nzima, akaangua kilio.

Anton hakuuvaa hata siku moja. Ludmila naye hakuthubutu kumuuliza aliuweka wapi.