Besi wa Bwawa la Mbuguni

Garama Mwero alikuwa fundi wa redio na simu pale Kombani, na ukimpelekea simu iliyoingia maji, ilikubidi kwanza usikilize habari za kuvua. Mvuvi hakuwa. Kwao ni bara, nyuma ya Kwale, kwenye ng'ombe na mahindi yasiyofika kubeba, na baharini hakuwahi kuingia kupita magoti. Alipenda aina moja tu ya samaki, besi, samaki wa kigeni aliyeishi katika bwawa la Mbuguni, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka dukani kwake. Nani alimtia mle hakuna aliyejua kwa hakika. Wazee walisema ni mzungu mmoja mpima ardhi, aliyekuja na ndoo mbili akaenda zake.

"Watu wanakosea tangu kwenye uzi," angekuambia, bisibisi mkononi. "Wananunua uzi mnene kama kamba ya kuanikia nguo, kisha wanashangaa mbona samaki haji. Besi ana macho. Uzi uwe mwembamba, rangi ya tope. Na ufito usiwe mrefu. Ufito mrefu ni wa kutupa mbali, na besi hayuko mbali. Yuko chini ya gogo, hapo miguuni pako, anakutazama."

Chambo chake kilikuwa mnyoo wa plastiki, wa hudhurungi, laini kama sikio. Aliutupa kando ya magogo ya migunga iliyozama zamani, akauacha ushuke. "Hesabu mpaka ishirini, usiuguse. Mtu asiyeweza kukaa bila kushikashika kitu na akavue perege." Ndoana aliilaza lile jino lake la nyuma kwa koleo, ili itoke bila kumchana samaki mdomo, kwa sababu kila besi aliyemvua alimrudisha majini. Jambo hilo mkewe, Sidi, hakulizoea hata baada ya miaka tisa.

"Unakwenda siku nzima, unarudi mikono mitupu, tena kwa kupenda," alimwambia.

"Nimewaacha pale pale, mama Kalama. Wako."

"Wako wa nani?"

Rafiki yake wa kuvua alikuwa Lewis, fundi umeme katika hoteli moja ya Diani, mtu wa Nakuru. Besi alimjua tangu utotoni, kutoka Naivasha, na ndiye aliyemwambia Garama jina la samaki huyo. Lakini kwa habari za zana hawakupatana kabisa. Lewis alikuwa na fito tatu na sanduku limejaa vyambo vya kung'aa, vyenye vibati vya kuzunguka na ndoana za meno matatu. Alitupa, akavuta mbio, akatupa tena.

"Fundi, huyu samaki ana hasira," Lewis alisema. "Lazima umchokoze. Wewe unamngoja kama unangoja matanga yaishe."

"Unamchokoza mdogo. Mkubwa anakuona mjinga."

"Na Jumapili iliyopita nani alishika mkubwa?"

"Huyo alikuwa kipofu," Garama alisema, na wote wawili wakacheka mpaka ng'ombe waliokuwa wakinywa ng'ambo wakainua vichwa.

Ng'ombe wale walikuwa wa mzee Mangi, jirani wa bwawa. Jumapili zilikwenda hivyo, mpaka mvua ilipokatika. Msimu wa kwanza watu walisema imechelewa. Wa pili wakasema ya vuli itafidia. Ulipofika wa tatu waliacha kutabiri.

Garama aliyaona maji yakirudi nyuma wiki baada ya wiki. Kwanza yalitokeza matawi ya juu ya migunga, kisha mashina, kisha mizizi yenyewe, myeusi, imeshikwa na nyuzi nyembamba alizozikata yeye mwaka baada ya mwaka. Palipokuwa na kina cha watu wawili pakawa na tope lililopasuka. Mwisho pakabaki dimbwi moja katikati, si kubwa kuliko ua wa nyumba, rangi ya chai ya maziwa.

Aliendelea kwenda, akibadilisha mbinu. Alipunguza chubwi, ile risasi ya kuzamishia uzi, akapunguza ndoana, akaenda alfajiri kabla maji hayajapata moto. Samaki hawakuuma. Aliwaona wakija juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Alipitisha mnyoo mbele ya mmoja, karibu kabisa na jicho, na samaki hakusogea. Garama akakunja uzi wake. Hakukuwa tena na mbinu ya jambo lile.

Jumatano alifunga duka akaenda Ukunda kumtafuta Lewis.

"Tuwahamishe," alisema. "Kuna mama Msambweni, Bi Mishi, anafuga perege. Ana kidimbwi kimoja kitupu, na kisima chake hakijakauka. Nimemwuliza, amekubali."

"Fundi, ni mbali. Na joto hili?"

"Nitachukua mapipa mawili. Tuondoke mapema."

"Sawa. Lakini usiweke moyo sana."

Jumapili walifika Mbuguni jua likichomoza, kwa pikapu ya kuazima, na mapipa mawili, na beseni kubwa la kufulia ambalo Sidi alilitoa bila kuuliza. Mzee Mangi alikuwa tayari pale, amesimama ndani ya tope mpaka mapajani. Ng'ombe wake, jike jekundu mwenye mimba, alikuwa amefuata maji akazama, na sasa ulionekana mgongo na kichwa tu. Ng'ombe wawili wengine walilala ukingoni, wamekwisha kuvimba.

"Shikamoo, mzee Mangi."

"Marahaba. Nisaidieni."

Hapakuwa na la kufikiri. Waliingia topeni, wakapitisha kamba chini ya kifua cha yule ng'ombe, wakaifunga kwenye pikapu. Walichimba kwa mikono kuzunguka miguu yake. Ilichukua karibu saa tatu. Alipotoka alilala ubavu, akahema, na mzee Mangi akamchotea maji kwa kofia yake akamtia mdomoni. Maji yalitoka upande wa pili. Jua lilikuwa limepanda sana ng'ombe alipokufa.

Mzee Mangi aliketi chini karibu na kichwa chake. Baada ya muda aliyatazama yale mapipa.

"Na hayo ya nini?"

Garama aliona haya kujibu. "Tumekuja kuwahamisha samaki, mzee. Tuwapeleke Msambweni."

"Kwa maji ya hapa?"

"Pipa mbili tu."

"Wamenibakia ng'ombe saba," mzee Mangi alisema. Hakuipandisha sauti. "Pipa mbili ni kunywa kwao kwa leo na kesho."

"Basi tuache," Garama alisema. "Tutaacha, mzee. Samahani."

Mzee alilitazama dimbwi, akamtazama yeye, matope mpaka kifuani, mikono imechubuka kwa kamba. "Mmenisaidia," alisema. "Chukueni moja. Mniachie moja."

Hawakutumia ufito wala uzi. Garama aliingia ndani ya dimbwi na beseni la mkewe, akawachota. Wengine hawakukimbia hata kidogo, walimwachia awainue kama vitambaa. Alipata kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na urefu wa mkono mpaka kiwiko, na kovu jeupe pembeni mwa mdomo, mahali ndoana ilipowahi kupita. Garama alimshika kwa mikono miwili, akasita, kisha akamtia ndani ya pipa pamoja na wenziwe.

Wake wa wana wa mzee Mangi walikuwa wamefika na sufuria. Waliokota perege wadogo na kambare katika tope lililobaki. Hakuna aliyewaomba wale wakubwa. Waliliangalia lile pipa likipakiwa, wakaendelea kuokota.

Kwenye barabara ya vumbi maji yalimwagika. Baada ya Kwale Lewis aliendesha polepole, na Garama akakaa nyuma karibu na pipa, akichota kwa kopo na kumimina kutoka juu ili hewa iingie. Mkono ulipochoka alibadilisha. Maji yalikuwa na uvuguvugu, kisha yakawa moto. Kombani waliongeza ndoo mbili za maji ya bomba kutoka kwa muuza chai, na samaki wa kwanza alikufa hapo, akageuka tumbo juu. Alipokwisha kumtoa, wa pili alikuwa amegeuka. Kabla ya kufika Ukunda waliokufa walikuwa watano. Baada ya Mwabungo Garama aliacha kuhesabu, akabaki kumimina tu.

Bi Mishi aliwapokea kwenye lango, kanga kichwani. Alichungulia ndani ya pipa, akaziba pua kwa ncha ya kanga.

"Hawa wawili wanapumua bado," alisema. "Watie. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye."

Mmoja wa wale wawili alikuwa yule mwenye kovu. Garama alimteremsha taratibu ndani ya maji safi, akamshika wima, akampeleka mbele na nyuma ili maji yapite mashavuni. Mkia ulitikisika mara moja. Alipomwachia alizama pembeni, akalala kwenye simiti.

"Atapata nguvu," Garama alisema.

Lewis alikwenda kuomba jembe. Walichimba shimo chini ya minazi wakawafukia wale tisa, kwa maana walikuwa wamekwisha kunuka.

Asubuhi Bi Mishi alipiga simu. Garama alimsikiliza, akamshukuru, akakata, akakaa dukani na simu ya mteja mbele yake bila kuifungua.

Wiki mbili baadaye alipeleka magunia mawili ya majani makavu Mbuguni, kwa ng'ombe wa mzee Mangi. Walikuwa wamebaki wanne. Dimbwi halikuwapo. Mzee alimkaribisha, akamtolea kigoda, wakaulizana hali za nyumbani. Kisha akauliza:

"Na samaki wako wanaendeleaje huko Msambweni?"

Garama alifikiria kwanza kudanganya. "Walikufa, mzee. Wote."

"Wote kumi na mmoja?"

"Wote."

Mzee Mangi alitikisa kichwa polepole. Hakuonyesha hasira.

"Kibudu hatuli, na wale perege wadogo walikwisha siku ile ile. Wiki ile iliyobaki hatukuwa na kitu cha kula na ugali," alisema. "Lau ningejua, ningekuomba."

Garama alitaka kusema samahani akaona neno lenyewe ni dogo. Alikaa mpaka kivuli cha zizi kilipomfikia miguuni, akaaga.

Lewis aliondoka mwezi uliofuata, hoteli ilipopunguza wafanyakazi, akarudi Nakuru. Alimwachia Garama sanduku la vyambo. Garama alilipokea kwa adabu akalisukuma chini ya kitanda.

Mvua ilikuja mwaka uliofuata, nyingi kupita kiasi, ikavunja madaraja na kuchukua shamba la mahindi la mzee Mangi, aliyekwisha kuhamia kwa mwanawe. Bwawa lilijaa mpaka likamwaga. Garama alikwenda kuliangalia Jumapili moja. Hakubeba ufito. Alisimamisha pikipiki juu ya tuta bila kushuka, akayatazama yale maji mapana, ya rangi ya udongo, yasiyo na kitu ndani yake. Injini aliiacha inaunguruma.

Sidi alimtilia chakula aliporudi.

"Limejaa kweli?"

"Limejaa."

"Basi si watu wanaweza kutia wengine? Wa Naivasha huko?"

"Wanaweza," Garama alisema, akanawa mikono. Aliumega ugali, akautia mchuzini, akala. Sidi alingoja aseme zaidi, kisha naye akaanza kula.