Jina la Mahali Pasipo na Mtu

Asubuhi ile Don Ovidio, mkuu wetu katika ofisi ya maafa, aliunganisha vijiji viwili vya Santa Eduviges, cha zamani na kipya, vikawa jina moja kwenye orodha.

"Kule chini hakuna anayeishi tangu mlima uporomoke," aliniambia. "Mahali pasipo na mtu pana haja gani ya jina, Doña Hermelinda? Tuorodheshe na mashimo ya sungura?"

Wenzangu wakacheka. Kazi yetu ni orodha ya majina: kila mahali jina moja rasmi, na kila kipimo cha mvua huwekwa chini ya jina lake. Redio husoma kutoka hapo, wala haitaji kisichomo.

Kufika alasiri mvua ilikuwa inapiga bati kama mawe. Kipima mvua cha kijiji cha zamani kilikuwa kimefurika, lakini sasa kilihesabiwa pamoja na cha kijiji kipya kule kilimani, wastani ukashuka, na ramani ikaonyesha manjano tu, rangi ya tahadhari, si nyekundu ya kukimbia. Ndipo nikakumbuka tarehe. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wetu. Siku hiyo watu wa kwetu hushuka na sanamu hadi kijiji cha zamani, wakala pamoja na wafu wao waliofunikwa na udongo.

Nikampigia mama.

"Mama, tokeni huko!"

"Nimewaambia, binti yangu. Wananicheka. Eti Linda tangu aanze masomo ya jioni anaogopa hata umande. Redio imesema manjano."

"Kijito kikoje?"

"Kilikuwa kimejaa. Sasa kimekauka ghafla."

Maji yalikuwa yamezibwa na udongo huko juu, na yakizibuka yangekifagia kijiji. Nikamkimbilia Don Ovidio.

"Tangaza Santa Eduviges nyekundu," akasema, uso umempauka.

"Wa kijiji kipya watakimbia, na wa kule chini, wakidhani ni ya kilimani, wataendelea kuimba!"

"Kutenganisha majina ni mpaka kamati ikae."

"Ikae wapi, Don? Juu ya kaburi la mama yangu?"

Nikaketi kwenye kompyuta. Bwana Yesu, shika vidole hivi, niliomba, maana vilikuwa vinagonga herufi zisizo sahihi. Nikaandika: Santa Eduviges ya Zamani. Nikakirudisha kipimo chake chini yake. Palepale ramani ikawa nyekundu, na baada ya muda redio ikalitaja jina hilo mara tatu.

Mama hakupokea simu. Nikarudia Baba Yetu hadi maneno yakanipotea. Hatimaye akapiga yeye. Nilisikia watu wakihema, mtu akilalamikia uzito wa sanamu.

"Tumefika juu. Walipojisikia wametajwa, wameacha hata tamale zao za mahindi motoni."

"Wote?"

"Kaka yako Nicanor amerudi kuchukua marimba."

Kisha simu ikajaa ngurumo isiyokuwa ya radi.

"Mama!"

"Nicanor!" aliita, wala hakuwa akinijibu mimi. "Nicanor!"

Nami huku ofisini, mbele ya watu wote, nikaanza kumwita kaka yangu pamoja naye.