Foronya Iliyofungwa Kwenye Faili

Mume wangu hana ugonjwa mwingine ila kusahihisha. Ni msahihishaji wa maandiko kwenye kiwanda cha uchapaji, na kazi hiyo anarudi nayo nyumbani kama wengine wanavyorudi na vumbi. Akisoma maelezo kwenye kopo la dawa, anatafuta kalamu. Kadi yetu ya harusi aliirudisha kiwandani mara nyingi hata wageni wakadhani tumeahirisha. Mtaani wanamwita Bwana Nukta, naye anaona amesifiwa. Nawaambia mapema, msije mkasema sikuwatahadharisha.

Mambo yalianza foronya ya mama ilipokufa. Marehemu baba aliidarizi kwa mkono wake, nyota tupu za mishono ya X, wakati mama ana mimba ya dada yangu. Tangu macho ya mama yaingie ukungu, akipanda kitandani huipapasa ile foronya mpaka usingizi umchukue. Sasa kitambaa nacho huzeeka. Siku moja kilitoka kwenye beseni la kufulia vipande vipande, nyuzi huku, matundu kule.

Tangu hapo mama halali. Anageuka, anauliza saa, anageuka tena, mchana anasinzia na kijiko mkononi. Nilimshonea foronya ya hariri, akasema asante mwanangu, akaisukuma kando. Iliniuma, tena sana. Mimi ni fundi wa kudarizi, nina duka langu na wateja wananipangia foleni, halafu mama yangu mzazi nashindwa kumlaza!

Dada ndiye aliyeleta matumaini. Kazi yake ni kompyuta, anaishi mbali, na tangu utotoni ananiona mshamba wa mashine.

"Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "nilipokuwa najifunza kompyuta niliinakili ile foronya yote, mshono kwa mshono. X ni mshono, nukta ni mahali patupu. Nimeikuta kwenye diski ya zamani. Nakutumia kwa baruapepe, imefungwa vilevile."

"Imefungwa? Si unitumie picha tu?"

"Picha ya nini! Enzi zetu faili tulilifunga ndani ya maandishi, na maandishi hayo hayo yana maelekezo ya kujifungua. Ihifadhi, fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika unshar na jina la faili. Basi. Ila ya mtu usiyemjua usiiguse, maana kompyuta itatii chochote ilichoandikiwa humo. Utaweza, au niombe jirani akusaidie?"

Jirani! Nikamwambia nitaifungua hata macho nimefumba. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na mteja dukani, nikamwomba mume wangu anihifadhie ile barua kwenye kompyuta ya nyumbani. Naam, nikamkabidhi fisi bucha.

Jioni nikakaa mbele ya kidirisha cheusi, nikaandika amri herufi moja moja, nikabonyeza. Kikajibu kwamba faili limetoka, lakini ukubwa wake haulingani na lilivyofungwa: herufi kumi na nane zimepungua. Nikalifungua. Masikini nyota za baba! Zile za upande wa kushoto zilikuwa zimelala ubavu kama zimetoka kilabuni. Nikadhani nimekosea kuandika, nikarudia amri. Safari hii kikasema faili tayari lipo, hivyo hakiligusi.

"Ala! Sasa kinaniringia," nikasema.

Kumpigia dada? Bora nimeze sindano. Nikaenda mezani nimenuna.

"Herufi kumi na nane," nikalalamika mbele ya sahani. "Zimeyeyukia wapi?"

Mume wangu akaacha kutafuna. "Mke wangu, zile X zilizojipanga mwanzoni mwa mistari... ulikuwa unazihitaji?"

Kikulacho ki nguoni mwako! Alikuwa ameifungua barua, akaona kila mstari wa mchoro umeanza na X, akaamua ni uchafu. Akafuta moja kila mstari, toka juu hadi chini, akahifadhi, na ile barua ya asili akaitupa, kwa kuwa kiwandani kwao nakala ikishasahihishwa ya zamani huchanwa.

Niliwaka. Nilisema mengi, mengine hayaandikiki. Yeye akanywea, akabeba sahani yake hadi kwenye kompyuta, akaanza kusoma yale maelekezo yaliyo ndani ya faili. Kusoma anajua, hilo simnyimi.

"Hapa," akasema. "Anayefunga huongeza X moja mwanzoni mwa kila mstari. Amri ikifungua, huiondoa. Mimi nilishaiondoa."

"Kwa hiyo amri ilipoikosa..."

"Palipokuwa na mshono wa baba mwanzoni mwa mstari, ikaondoa huo."

Akazirudisha zote, mstari kwa mstari, anapumua kama anayefua mablanketi. Pia akagundua kwamba ukitaka amri ifute faili la kwanza na kuandika jipya, lazima uiongezee -c. Nikabonyeza. Kidirisha kikakaa kimya. Amri hii ikiridhika haisifii mtu, inanyamaza tu. Hesabu ilikuwa imetimia na nyota zimesimama wima.

"Kuna kosa jingine humu?" nikamuuliza, nimemkazia macho.

"Hakuna kosa hata moja lililobaki," akajibu kwa fahari.

Dada alipopiga kuuliza kama nimefungua, nikamwambia zamani sana.

Niliidarizi kwa mkono, si kwa mashine, kwa uzi wa buluu kama ule aliotumia baba. Nilipoimaliza nikaivika mto, nikaupeleka chumbani kwa mama, mume wangu nyuma yangu. Mama akaketi, akaupakata. Vidole vikatembea nyota kwa nyota, vikafika kwenye kona, vikarudi, vikafika tena.

"Nzuri mno," akasema. "Mkono wako mwepesi kuliko wa baba yako."

Nikasubiri. Akaurudisha mto mapajani mwangu.

"Ila hii ni yako, mwanangu. Yangu ina nyota iliyoteguka mkono."

"Nyota gani, mama?"

"Ya kwenye kona, pale ninapoweka sikio. Baba yako alikuwa anaimalizia, uchungu wa dada yako ukanikamata, nikapiga ukelele, sindano ikaruka. Baadaye alitaka kufumua, nikamkatalia. Nikamwambia hapo ndipo ulipoanza kuwa baba." Akapapasa tena ile kona. "Nikiwa na usingizi ndipo ninapomkuta. Humu hayumo."

Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Mama," mume wangu akasema, "kwenye faili mshono mmoja ulikuwa umetoka nje kidogo. Niliusogeza. Nilidhani ni kosa."

"Ni kosa, ndiyo," mama akajibu. "Kwani nani kasema si kosa?"

Basi hata kile kidirisha kilidanganyika! Kinahesabu herufi zimetimia, hakiangalii zimekaa wapi. Nikamgeukia Bwana Nukta na maneno yangu yote tayari, nikamwona machozi yanamlengalenga, nikayameza.

"Nipe sindano," akasema.

Hajawahi kushika sindano. Akaketi kitandani kando ya mama, akaufumua ule mshono kwa makasi yangu madogo. Mama akamshika kidole.

"Sogeza nje, mkwe wangu. Kidogo tena. Hapo."

Akashona. Uzi ukajikunja, fundo likatokeza juu. Nikanyoosha mkono nirekebishe, mama akanipiga kofi la vidole. Akalaza kichwa, kidole kikaingia kwenye kona ile, kikagusa fundo, kikatulia.

"Huyu hapa," akasema.

Kabla sijaokota makasi alikuwa anakoroma. Mume wangu alibaki amesimama, sindano mkononi, anautazama mshono wake uliokwenda kombo.

"Niuache hivyohivyo?" akaninong'oneza.

"Uuache."

Akazima taa mwenyewe.