Mzizi Chini ya Zege

Mzizi haukuwepo. Bi Mwanamkuu aliinama tena, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukutani, akachungulia shimo kama mtu aliyedondosha sindano. Aliona udongo mweusi wa mfinyanzi. Aliona maji machafu yakichuruzika taratibu, na vipande vya zege la zamani vilivyorundikwa pembeni. Mzizi hakuuona, si mnene wala mwembamba.

"Chimba zaidi," alimwambia fundi.

Fundi Rogath alimjibu kwa upole kwamba wameshachimba futi mbili na nusu, njia nzima, tangu lango la barabarani mpaka stoo ya nyuma. Kama mti uliwahi kupitisha mzizi hapo, alisema, sururu ingekuwa imeshakutana nao tangu jana. Vibarua wake wawili walijifuta jasho wakajibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta, maana ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa pili, na jua la Dar es Salaam lilikuwa limeshaamka vibaya. Kivuli kingine hakikuwepo. Zamani kilikuwepo, na aliyesababisha kiondoke ni huyo huyo Bi Mwanamkuu aliyekuwa ameinamia shimo.

Upande ule wa Kariakoo unaoteremkia Jangwani, ambako ardhi ni nyeusi na nzito, nyumba yake na ya jirani yake Bi Siwema zinapakana kwa ukuta mmoja. Kati ya nyumba yake na ukuta huo inapita njia ya gari, ambayo marehemu mumewe, Mzee Mwinyimvua, aliimwagia zege ili maguta na pikapu ziingize mizigo ya watu stoo. Kodi ya stoo ndiyo iliyowalisha. Ng'ambo ya ukuta, uani kwa Bi Siwema, ulikuwepo mwarobaini ambao kivuli chake kiliruka ukuta kila asubuhi bila kupiga hodi. Kwa zaidi ya miaka ishirini wanawake hao wawili walitandika jamvi chini ya kivuli hicho, wakachambua mchele, wakalea watoto, wakausengenya mtaa mzima bila upendeleo. Mtu akimtafuta mmoja wao alielekezwa kwa mwenzake.

Kisha zege likapasuka. Mzee Mwinyimvua alilivunja akamwaga jingine, na siku hiyo Mwanamkuu alikuwa Feri kununua samaki wa shughuli ya mpwa wake. Aliporudi jioni alikuta kazi imekwisha na mumewe ananawa mikono. Alimuuliza kilichopasua zege ni nini. Mzee akamjibu, bila kumtazama, kwamba ni mzizi wa mti wa shoga yake.

Mwaka haukuisha, zege la pili nalo likaachia nyufa. Mwanamkuu akamtaka Siwema aukate mti. Siwema akakataa. Mti ulipandwa na mama yake, majani yake yalitibu homa za watoto wa nyumba zote mbili, na isitoshe alishachimba upande wake akaona mizizi haielekei huko. Maneno yakawa maneno, na mwisho wake wakafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mbele ya wazee. Mzee Mwinyimvua siku hiyo alisema mguu unamuuma, akabaki nyumbani. Mwenyekiti akauliza nani aliyeuona huo mzizi.

Mwanamkuu alisimama. "Wallahi nimeuona kwa macho yangu mawili," alisema. "Mnene kama mkono wangu huu."

Wala hakujiona mwongo. Mume na mke hula sahani moja, na alichokiona mumewe yeye alikihesabu kuwa amekiona. Siwema alimtazama, akasema, "Mungu amesikia, Mwanamkuu." Jumamosi iliyofuata msumeno wa mashine ulinguruma tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kwa miaka tisa baada ya hapo Siwema hakumtamkia neno.

Sasa fundi Rogath alikuwa chini ndani ya shimo, anaeleza. Alichukua bonge la udongo, akalifinya, likashikamana. Alisema udongo wa namna hii una tabia zake. Ukinywa maji unavimba, ukikaushwa na jua unanywea na kuachia nyufa, na zege lililolala juu yake bila kifusi cha kutosha halina namna, litapasuka tu. Kwa hiyo wangeuondoa wote, wajaze changarawe, washindilie, wafunge nondo, ndipo wamwage. Lakini kwanza, alisema, kuna hili bomba.

"Bomba gani?"

"La bafuni kwako, Mama. Limepita hapa chini, na limefumuka kwenye maungio. Miaka yote hii mmekuwa mnaunywesha udongo kila mnapooga."

Akasogeza matope kwa mkono ili aone vizuri. Kwenye maungio ya bomba palikuwa pamezungushwa ukanda mweusi wa mpira. Ilikuwa tyubu ya baiskeli, imekatwa ikafungwa mizunguko mitatu, ncha zake zikachomekwa chini ya mzunguko wa mwisho na kukatwa mshazari.

Bi Mwanamkuu aliinama zaidi. Mzee Mwinyimvua aliuza spea za baiskeli maisha yake yote, na hakuna kitu alichoshindwa kukifunga kwa tyubu. Alifunga miguu ya vitanda, alifunga mpini wa kisu, alifunga mfuniko wa sufuria mpaka wajukuu wakamcheka. Na kila alichofunga alikifunga hivyo hivyo. Kwa miaka thelathini na saba Mwanamkuu alifungua mafundo hayo kwa kucha zake huku akilalamika. Angeyajua hata gizani.

Zege la pili lilikuwa limemwagwa juu ya fundo hilo. Basi aliliona bomba. Aliliona, akalifunga, akalifunika, akanawa mikono, halafu akasema ni mzizi.

Akaketi juu ya mfuko wa saruji. Hakulia. Alikuwa amepigwa na butwaa kiasi kwamba hata machozi hayakujua yatoke kwa ajili ya nani. Yule mtu ambaye yeye alimwombea dua kila Ijumaa kwa miaka sita tangu afe alikuwa amemwachia uongo chini ya miguu yake, na yeye akaubeba kichwani mpaka mbele ya wazee, akauapia.

Mwanawe Awadhi aliingia kutoka barabarani akiwa na simu mkononi, akasema lori la changarawe limefika, limeziba mtaa na watu wameanza kutukana. Akaona uso wa mama yake, akachungulia shimo. Naye alikulia kwenye mafundo hayo. Akamwita mama yake pembeni akamsihi kwa sauti ya chini. Fundi abadilishe bomba, wafukie, yaishe. Mti haupo, mzee hayupo, kuna faida gani?

"Mama, baba ameshatangulia," alisema. "Marehemu hasemwi."

Alikuwa amesema la haki, na ndiyo maana lilimchoma. Kumwanika maiti si jambo dogo. Saa mbili za kazi na changarawe ingefunika kila kitu, na juu yake zege jipya, zuri, la kudumu kuliko yeye. Hakuna mtu mtaani ambaye angejua. Mzee angebaki mzee, na yeye angebaki mjane wa mtu mwema mpaka naye azikwe. Alilitamani hilo, tena alilitamani sana. Akatazama juu ya ukuta, mahali palipokuwa na matawi, akakuta mbingu tupu inayoumiza macho.

"Baba yako alifunga bomba," alimwambia mwanawe. "Kiapo ni changu mimi."

Akamwambia fundi asitie hata koleo moja mpaka arudi. Akajitanda ushungi vizuri, akatoka langoni, akalipita lori lililokuwa likinguruma na utingo wake aliyekuwa akilalamika, akasimama mbele ya mlango ambao hakuugusa kwa miaka tisa. Alipiga hodi. Akapiga tena.

Siwema alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda, na nywele za kipaji cha uso zimekuwa nyeupe kabisa. Mwanamkuu alishtuka kugundua kwamba mtu anaweza kuzeeka upande wa pili wa ukuta bila wewe kujua.

"Nakuomba uje uone kitu," alisema. "Ukikataa, nitaelewa."

Siwema alivaa kandambili, akamfuata.

Walipofika, vibarua walisogea na fundi akapanda juu kuwapisha. Mwanamkuu alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, ila yote yalimtoroka yakabaki mawili matatu. "Nilisema niliuona mzizi," alisema. "Sikuuona. Niliambiwa tu. Na haukuwepo."

Siwema aliinama kidogo akatazama bomba, akatazama tyubu. Hakuonyesha kushangaa hata chembe.

"Kumbe alizungusha mara tatu," alisema. "Aliniambia amelifunga kwa tyubu, lakini hilo hakunieleza."

Mwanamkuu alidhani hakusikia vizuri. Awadhi, aliyekuwa langoni, alishusha simu yake. Siwema akaeleza akiwa bado anatazama shimo, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wanazungumzia bei ya mchele. Mzee Mwinyimvua alimjia mwaka ule aliofariki, asubuhi moja ambayo Mwanamkuu alikwenda hospitali kufuata dawa zake. Alikuwa tayari anatembelea fimbo. Aliketi kwenye kisiki cha mwarobaini akasema yote. Bomba alililaza mwenyewe ili kuokoa gharama za fundi, na lilipofumuka aliona haya kumwambia mkewe kwamba ndilo lililoharibu zege lililomaliza akiba yao. Akadhani neno lile litaishia jikoni. Lilipofika kwa mwenyekiti, hakuwa na ubavu wa kulirudisha. Akamwomba Siwema radhi, akalia mpaka akashindwa kuinuka.

"Nilimshika mkono nikamsimamisha," alisema Siwema. "Miezi miwili baadaye tukamzika."

Mwanamkuu akaikumbuka siku ya msiba. Siwema alikuja, akaosha vyombo siku tatu pamoja na wanawake wa mtaa, na kila alipopita, yeye mfiwa aligeuza uso ukutani. Alijisifu moyoni, Mungu amsamehe, kwamba hata ndani ya huzuni hakumpa adui yake salamu.

"Na ukanyamaza miaka sita," alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake.

"Ningekuambia lini? Ulipokuwa umekaa eda?" Siwema akainua uso kutoka shimoni. "Mti nilikuwa nimeshaukosa. Kukunyang'anya mume mwema kusingeuotesha."

Hapo ndipo Mwanamkuu alipolia, wala hakujali vibarua wala fundi wala mwanawe. Alisema nisamehe. Alisema tena. Siwema alichezea ncha ya ushungi wake, akasema jambo ambalo Mwanamkuu alikuja kulikumbuka kila alipolimwagia maji lile zege jipya chini ya magunia, siku zote saba fundi alizoagiza lisikaushwe na jua.

"Sijui kama naweza," alisema. "Niache kwanza nizoee kuongea na wewe."

Barabarani lori lilipiga honi ndefu. Fundi Rogath alimtazama Bi Mwanamkuu akingoja ruhusa ya kufukia, na Mwanamkuu hakumpa. Alikuwa amegundua kwamba Siwema hakuwa amesimama popote tu. Njia ilikuwa pana na shimo refu, lakini miguu yake ilikuwa imempeleka karibu na ukuta, nje kidogo ya ukanda wa kivuli chake, hatua nne kutoka kona, mahali ambapo saa kama hiyo kivuli kilikuwa kikitua na jamvi likitandikwa. Jua lilimpiga utosini naye hakusogea.

Mwanamkuu alivuka bonge la zege, akaenda kusimama kando yake.